Vitabu Vyangu Havihami Kupisha Pamba

Mwaka jana nilisoma vitabu vya majoka, vya wachawi wanaoishi mawinguni na vya wasichana wanaogombana na upepo, na sina wa kumwomba radhi. Nimeshapita miaka arobaini. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, niliyoisomea jioni Dar es Salaam huku mchana nikipiga deki katika ofisi za watu wengine. Nilirudi nyumbani mkoa ukiwa bado mpya, ofisi zinafunguliwa na kila ofisi inataka fotokopi, nikafungua duka langu la steshenari mjini Bariadi. Hakuna aliyenishika mkono. Asubuhi nawasha pikipiki yangu mwenyewe kutoka Kasoli, jioni narudi nayo, na njiani wanaume wananipisha kwa sababu wanajua siendeshi kwa kubahatisha.

Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani anayesoma vitabu vya vijana ni mtu aliyekosa kazi.

Nilipokuwa na umri wa kusoma vitabu hivyo sikuvipata. Shuleni kwetu kulikuwa na kitabu kimoja kwa dawati zima, nacho kilikuwa cha kilimo. Cha hadithi tulikisikia tu kwa mwalimu, na hata yeye alikuwa amekisoma zamani akasahau mwisho. Sekondari nilisoma madondoo ya mitihani. Chuoni nilisoma sheria za ununuzi. Siku moja, nikiwa mtu mzima mwenye mshahara, nilikuta kwenye meza ya mitumba kitabu chenye picha ya msichana amesimama mbele ya mlango uliofunguka katikati ya bahari. Nilikinunua kama mtu anayenunua kiatu alichokitamani utotoni, na kikanitosha. Tangu siku hiyo nanunua. Nimechelewa kuvipata, sijachelewa kuvisoma.

Mwaka jana ulikuwa mwaka wangu mzuri kuliko yote. Mvua za kwanza zilinikuta na kitabu cha mapacha waliozaliwa na kivuli kimoja, kila asubuhi wanagombea nani akivae. Nilikisoma kwenye foleni ya mbegu nimekifunga kwenye nailoni, na mbele yangu watu walisogea mpaka karani akaniita kwa ukali. Wakati wa palizi nilikuwa na kimoja kinene cha Kiingereza, cha mji ambao raia akidanganya, jiwe moja linadondoka ukutani. Mwandishi wake alijua kujenga mji lakini hakujua kuumaliza. Kurasa za mwisho zilikuwa za haraka, kama mtu anayefunga duka akimwona mwenye nyumba anakuja. Hata hivyo nililia. Kilichonishinda nguvu ni kimoja cha Kiswahili, chembamba, karatasi yake mbaya, cha msichana ambaye mto wa kijijini kwao umekunjwa kama mkeka na jitu likauweka begani likaenda nao. Msichana analifuata. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote. Nilikisoma mara ya kwanza bila kunyanyuka kitini, na mara ya pili siku iliyofuata dukani, wateja wakisubiri.

Vitabu hivi vyote vinakaa Kasoli, kwenye chumba nilichojenga katika boma la mama yangu. Ni chumba cha tofali za kuchoma, bati la migongo mipana na sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Rafu ni za mninga. Fundi aliniambia mninga ni anasa kwa vitabu, nikamwambia arande.

Shida ilianzia kwenye hiyo sakafu.

Mama analima pamba, na kaka yangu mkubwa, anayeishi boma la pili na mke wake, analima pamoja naye. Miaka yote pamba ya mama ilikaa kwenye nyumba ya zamani ya udongo mpaka siku ya kuuza. Masika ya mwaka jana nyumba ile ilikaa chini upande mmoja. Ukuta uliobaki uliliwa na mchwa. Pamba ilipoanza kuvunwa, na ilikuwa nyingi, kaka alikuja akasimama mlangoni kwangu, akaangalia sakafu, akaangalia rafu, akasema kwamba chumba kimepatikana.

Nikamuuliza vitabu vitaenda wapi. Akasema kwenye viroba, chini ya paa la ile nyumba ya zamani, ni miezi miwili tu.

Mtu wa Kasoli anajua mchwa wetu wanafanya nini katika miezi miwili. Walishawahi kula mlango wa kaka huyohuyo, wakaacha bawaba. Kuvitoa vitabu vyangu mle ndani kulikuwa ni kuvizika, na nilimwambia hivyo. Dukani kwangu pia hakuna nafasi. Mimi mwenyewe, mashine na meza tunapishana kwa zamu. Nikamwambia tena, kwa sauti ambayo mama alikuwa anaisikia kutoka jikoni, kwamba chumba ni changu, tofali ni zangu, na vitabu vyangu havihami.

Kaka si mtu mbaya. Ni mtu anayeona kitu kwa uzito wake kwenye mzani. Alichukua kitabu cha msichana wa mto, akakipima mkononi, akacheka.

"Dada, ungekuwa unasoma sheria, au dini, au hata ufugaji wa kuku, ningekaa kimya. Mtu mzima mwenye diploma anasoma majitu. Watu wakiniuliza nawaambia anafanya mahesabu."

"Waambie nasoma majitu."

"Nitawaambia pamba ya mama imelala nje kwa sababu ya jitu?"

Hapo alikuwa na hoja, na alijua. Mama alitoka jikoni anafuta mikono. Yeye hakuwa na ugomvi na vitabu, alikuwa na ugomvi na umande. Pamba ikishika unyevu inabadilika rangi, na mnunuzi haulizi ilikuwaje, anaitupa upande wa fifi, ile pamba chafu ya daraja la chini. Alisikiliza pande zote mbili, kisha akasema jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia. Akasema baba yetu angeliamua uwanjani.

Marehemu baba alikuwa manju, kiongozi na mtunzi wa ngoma. Kwetu ngoma za baada ya mavuno hazina kamati ya majaji. Vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja, saa ileile, kila kimoja na ngoma zake, na watu wanatembea kuelekea wanakovutwa. Jua likizama, mwenye watu wengi ameshinda. Aliyeachwa anacheza mbele ya mbwa na anakubali. Mama mwenyewe alikuja kwa baba kwa njia hiyo: ukoo wao ulikuwa wa kikundi cha upande wa pili, na siku hiyo alivuka uwanja.

"Nilivuka kuangalia tu," alisema. "Mpaka leo naangalia."

Akapanga. Siku ya kuchambua pamba majirani wangekuja kusaidia kama ilivyo desturi, leo kwako kesho kwangu. Pamba ingewekwa marundo mawili, moja huku na moja kule. Kaka angekaa na lake na chochote alichonacho cha kuvuta watu, mimi na langu. Watu wakae wanapotaka. Kaka akishinda, vitabu vinatoka. Nikishinda mimi, pamba itatafutiwa kwingine.

Nilikubali kabla hajamaliza. Wifi yangu, mke wa kaka, alinivuta pembeni akaniuliza kama nina akili timamu. Alinikumbusha kwamba kaka ana rafiki ambaye ni manju wa kijiji cha jirani, mtu ambaye akiimba hata wenye msiba wananyanyuka. Nikamwambia amlete. Nilikuwa nimeshindana na watu wa Dar kwenye usaili wa kazi, Kiswahili changu kikiwa bado kinanuka ng'ombe, na kazi niliipata.

Siku yenyewe watu walikuja mapema. Tulisalimiana, mwangaluka, mwangaluka mayu, na kila mtu akayaangalia marundo, akaona mambo. Upande wa kaka alikaa yule manju na ngoma moja ndogo, kofia ya manyoya kichwani na fulana ya mpira mwilini. Upande wangu nilikaa mimi kwenye kigoda, na kitabu chembamba.

Manju alianza. Sitasema uongo, alikuwa mzuri. Wimbo wake ulikuwa na mapigo ya mkono unaochambua: shika, vuta, tupa, shika, vuta, tupa. Watu walimiminikia kwake kama maji bondeni. Kwangu walibaki wawili, bibi mmoja jirani asiyesikia vizuri, ambaye alikaa kwa sababu kulikuwa na kivuli, na mama mmoja anayenyonyesha aliyekuwa anakimbia kelele.

Nikafungua ukurasa wa kwanza nikawasomea hao wawili. Nilisoma Kiswahili, kila baada ya aya naiweka kwa Kisukuma kwa ajili ya bibi, kwa sauti kubwa kwa ajili ya masikio yake. Hiyo ndiyo iliyonisaidia. Nilikuwa napiga kelele hadithi uwanja mzima.

Manju aliona. Wapinzani wa ngoma hutukanana kwa wimbo, ni haki yao, naye akanitungia papo hapo: kuna mwanamke amerudi na cheti, anasomea mabibi habari za majitu, ana karatasi za kutosha lakini zizini kwake hakuna hata ndama. Upande wa kaka wakacheka mpaka pamba ikaruka.

Nikafunga kitabu kidole kikiwa katikati, nikasimama.

"Manju, shikamoo. Ng'ombe wangu yule pale amesimama kwa stendi, anakunywa petroli na hajawahi kuibiwa. Wewe ulikuja na nini?"

Alikuwa amekuja amepakiwa nyuma ya baiskeli ya kaka. Wote walijua. Kicheko kikabadili upande, na pamoja na kicheko wakaja vijana wanne, wamebeba pamba yao kwenye kanga kama wahamiaji. Nikaketi nikaendelea pale msichana anapofika ukingoni asubuhi na kukuta mchanga mtupu, samaki wanatweta, na alama za vidole vikubwa mahali mto ulipokunjiwa.

Sasa hapa nieleze jambo ambalo wasomaji wa mjini hawalijui. Mtu wa kwetu hasikilizi hadithi kimya. Bibi ndiye aliyeanza. Alitaka kujua ng'ombe wa kijiji hicho watakunywa wapi. Nikamwambia mwandishi hajasema. Akaniambia nimuulize. Mzee mmoja aliyekuwa bado ameketi upande wa kaka akageuza shingo akauliza huyo msichana anaondoka peke yake, hana mjomba? Nikamjibu ana mjomba lakini ni mwoga. Mzee akasema wajomba wa siku hizi ndivyo walivyo, akanyanyuka, akaja kuketi karibu ili asikie huyo mjomba atafanywa nini. Kijana mmoja akasema angekuwa msichana wa Kasoli angeondoka na mbwa.

"Mwandishi hakumpa mbwa," nikamwambia. "Ukitaka mbwa, andika cha kwako."

"Nikiandika utakiweka kwenye mninga?"

"Kikiwa kizuri."

Manju alilazimika kupumzika koo. Hadithi haipumziki. Kila aliponywa maji, watu watatu wanne walivuka, kwa aibu kidogo, wakisema wanafuata kivuli. Alipoanza tena, wawili walirudi kwake, lakini mmoja alikuwa anatembea kinyumenyume ili asipitwe. Jua lilipoanza kushuka upande wangu ulikuwa umejaa mpaka kwenye banda la mbuzi. Upande wa kaka walibaki manju, kaka, wifi, na ndugu wachache ambao damu iliwakataza kunyanyuka. Niliona wifi amegeuza sikio, ingawa mwili ulibaki pale ndoa ilipo.

Nilipofika jitu linapolala, mto uko chini ya kichwa chake kama mto wa kulalia, na msichana anaanza kuuvuta taratibu, maji yanachuruzika kwenye kifua cha jitu tone kwa tone, sikusikia hata kikohozi. Nikafunga kitabu. Walipiga kelele kama nimewaibia. Nikawaambia jua limezama, na desturi ni desturi.

Nikamgeukia kaka, nikanyoosha mkono kuonyesha watu wangu.

Yeye hakuwaangalia watu. Alinyoosha mkono kuonyesha marundo.

Rundo lake lilikuwa limekwisha. Pamba yote ilikuwa imechambuliwa, nyeupe pembeni, fifi pembeni, watu wachache na wimbo mmoja wa shika-vuta-tupa wameimaliza. Rundo langu lilikuwa lilelile la asubuhi. Watu wote wale walikuwa wamekaa kulizunguka, kila mmoja ameshika kishungi kimoja cha pamba mkononi, na wengi, naapa, walikuwa wameshika kilekile tangu mjomba aliposema hawezi kwenda. Nilikuwa nimewavuta kweli. Nilikuwa nimewavuta mpaka mikono ikasimama.

"Hao ni watu," kaka akasema. "Hii ni pamba. Mama anauza nini sokoni?"

Nikamwambia baba hakuwahi kushinda kwa kuhesabu jasho, alishinda kwa watu, na kama alitaka mashindano ya kazi angesema mapema nilete trekta. Yule mzee aliyeuliza habari za mjomba akaniunga mkono. Manju mwenyewe, ambaye alikuwa na heshima ya fani, akatikisa kichwa akasema uwanja ni uwanja, ameachwa, na hajawahi kuachwa na karatasi. Kaka akasema manju hawezi kusaliti upande wake. Ikawa makelele.

Mama aliyaacha makelele yaishe yenyewe. Kisha akasimama katikati ya marundo mawili.

"Ngoma ameshinda binti. Vitabu vinabaki." Akashika pamba ya rundo langu, akaiachia ianguke. "Lakini mimi sikuwaalika watu waje kunywa togwa langu bure. Pamba iliyochambuliwa italala sebuleni kwa kaka yako, maana ameshindwa. Na hii utaichambua wewe, mikono yako miwili na diploma yako. Siku ya mnunuzi nataka kuiona nyeupe."

Watu wanaopenda hadithi zenye fundisho wangetaka niseme hapo nilishika adabu. Sikushika. Nilimwambia mama sawa, nikaingia ndani, nikakaa kitandani mbele ya rafu zangu, zimejaa, hakuna hata kimoja kilichotoka, nikapiga mluzi. Ningekuwa tayari kuchambua pamba ya wilaya nzima.

Kesho yake nilibandika karatasi mlangoni mwa duka kwamba nina dharura ya kifamilia. Wateja walinipigia simu, wengine wakinitisha kwamba wataenda kwa jirani. Nikawaambia waende, watarudi, mashine ya jirani inafuta herufi. Nikakaa kwenye rundo. Pamba ina vijani vikavu vinavyovunjika ukivigusa na kuwa vumbi, na kila kipande cha vumbi hilo lazima ukitoe, la sivyo ni fifi. Vidole vyangu vilikuwa vimezoea kibodi. Siku ya kwanza vilivimba, nami sikumwonyesha mtu.

Kilichoniudhi ni kimoja tu. Mikono ikiwa na kazi hiyo, huwezi kushika kitabu. Nilikuwa nimeshinda vita ya vitabu na sikuwa na namna ya kusoma.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, wifi alikuja. Alikuwa amenuna. Alisimama mbele yangu akaniambia makochi yake yako nje chini ya mwembe, kuku wamelala juu yake, kitambaa kile alikishona mwenyewe, na yote hayo ni kwa ajili ya msichana wa kwenye karatasi.

Nikamwambia pole, wifi, lakini uwanja uliamua.

"Sijaja kwa ajili ya uwanja. Nataka kujua aliuvuta au hakuuvuta."

"Mikono yangu unaiona. Kitabu kile pale kwenye kigoda."

Wifi aliishia darasa la saba, na kanisani kwao huwa wanampa somo la kwanza asome, kwa hiyo kusoma anajua, lakini hakuwahi kunigusia kitabu. Alifuta mikono kwenye kanga, pande zote mbili, akakichukua, akaketi. Alianza kwa sauti ya kanisani, taratibu, kila neno limesimama peke yake kama linatoa ushahidi. Jitu likawa kubwa kuliko nilivyolisoma mimi. Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho mara tatu, namjua kila mtu aliyemo, na tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kukaa akanisomea. Niliinamia pamba yangu nikaendelea kuchambua.

Kaka alitokea upande wa zizi akamwita mke wake, ng'ombe wanahitaji kunyweshwa. Wifi hakunyanyua kichwa. Akaweka kidole chini ya mstari ili usipotee.

"Subiri," akamwambia. "Mto bado haujafika."

Akalamba kidole, akafungua ukurasa. Nikamwambia asiharakishe.